Kisu Tulichokiua: Vyombo vya Wachonga Mishale wa Kivu na Namna ya Kuvifufua

Ukipita sokoni Kadutu asubuhi utawasikia mafundi wa chuma kabla ya kuwaona. Wanagonga bati, wanakunja vyuma, wanatengeneza mbabula, ndoo na majembe. Lakini ukiwauliza kisu cha kuchongea mshale, watakutazama mara mbili. Kijana mmoja alitujibu: « Mwalimu, unatafuta vita na nani? » Tulicheka pamoja naye, lakini jibu lile lilituuma. Katika mji ambao watoto wanajua majina ya bunduki kuliko majina ya miti, mshale umebaki kuwa picha ya kuonyesha njia.

Katika kurasa hizi hatutaki kulilia mambo ya kale. Tunataka kueleza jambo moja tu: chombo cha zamani cha mchonga mishale si chuma peke yake. Ni mapatano kati ya watu wawili, muhunzi wa kijijini na Mutwa wa msituni. Anayekikarabati bila kuwakutanisha hao wawili anaweza kukiua mara ya pili. Tunasema hivyo kwa uhakika, sababu sisi wenyewe tulishaua kimoja.

1. Mshale wa mti ni nini?

Wengi wetu tukisikia mshale tunafikiri kwanza chembe ya chuma. Sivyo kila mahali. Watu wa misitu ya Kongo ya mashariki walikuwa na mishale ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa na chembe ya chuma, kwa nyama wanaotembea chini. Ya pili ilikuwa mti mtupu toka mwanzo hadi mwisho: ncha yake ilichongwa, ikakaushwa na kukazwa motoni, ikakwaruzwa mitaro midogo ya kushika sumu. Hiyo ilikuwa ya nyani na ya ndege. Watafiti waliokaa na Bambuti wa Ituri, kama mmisionari Paul Schebesta katika miaka ya 1929 na 1930, waliielezea aina hizo zote mbili.

Kwa nini mti mtupu wakati chuma kilikuwapo? Sababu ni ya akili sana. Nyani anakaa juu kabisa, kwenye majani. Mshale unaomkosa unabaki juu ya mti na hauonekani tena. Chuma kilikuwa mali, kilinunuliwa kwa nyama au kwa asali. Nani angekitupa hewani kila siku? Mti ulikuwa mwepesi, na mwindaji aliweza kuandaa mishale mingi jioni moja kando ya moto. Nyuma ya mshale hawakufunga manyoya kila mara: walipasua uti kidogo na kuingiza kipande cha jani gumu, basi mshale ukaenda sawa. Kamba ya upinde yenyewe ilitoka katika kekele, ileile ambayo leo mafundi wetu wanatengenezea viti.

Kwa hiyo mshale wa mti si mshale wa maskini. Ni kazi ya hesabu: uzito, unene, unyofu. Ukiwa mnene upande mmoja kuliko mwingine, unapinda njiani. Hesabu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa ndani ya mkono na ndani ya vyombo.

2. Vyombo vyenyewe

Miaka michache iliyopita, familia moja ya Kabare ilitupatia sanduku dogo kwa ajili ya wanafunzi wetu. Lilikuwa limekaa juu ya dari ya jikoni, mahali moshi unapopita, na moshi huo njo uliolinda mbao zisimalizwe na bungua. Ndani mlikuwa na vitu vinne. Kwanza, kisu kifupi, ubao wake mwembamba, mpini wake mweusi kwa mafuta ya mikono. Pili, tezo dogo la kupasulia vijiti. Tatu, sindano nene ya chuma ya kupasua uti na kuchora mitaro ya ncha. Nne, kichwa cha nyundo bila mpini. Watu wa nyumba ile walijua tu kwamba vilikuwa vya babu yao muhunzi, na kwamba Batwa walikuwa wakija kwake kunolewa visu.

Kumbuka maneno hayo: Batwa walikuwa wakija kwake. Ufundi wa chuma katika eneo la Ziwa Kivu ni wa zamani sana. Hiernaux na Maquet, katika vitabu vyao vya mwaka 1957 na 1960, walielezea mabaki ya enzi ya chuma katika Ruanda-Urundi na Kivu, karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Wahunzi walikaa upande wa mashamba, karibu na watu waliohitaji majembe. Mutwa hakuyeyusha chuma. Alileta nyama, ngozi na asali, akarudi msituni na ubao wa kisu. Mpini aliuweka mwenyewe, kwa kipimo cha mkono wake. Alipasha moto mkia wa ubao mpaka ukawa mwekundu, akauchomeka ndani ya mti, nao mti ukaufunga wenyewe ulipopoa.

Hata tezo lina akili yake. Mkia wa ubao unapita ndani ya kichwa kinene cha mpini, na kila pigo linauingiza zaidi. Yaani chombo kinajikaza kwa kufanya kazi. Kikiachwa bila kazi, mti unakauka, unalegea, na ubao unaanguka. Wazee hawakuhitaji msumari wala gundi.

Na msasa? Hatukuukuta ndani ya sanduku, sababu uliota nje. Ni majani makali ya mti uitwao msasa, jamaa ya mtini. Ndugu zetu wa Kiswahili cha pwani waliposema « kupiga msasa » walikuwa wakisema juu ya jani hilo, muda mrefu kabla ya ile karatasi ya dukani.

3. Namna vyombo vilivyonyamaza

Vyombo hivi havikufa siku moja. Kwanza lilikuja jembe la kiwanda, rahisi kuliko la muhunzi. Wahunzi wakaacha kuyeyusha udongo wa chuma, wakabaki kufua vyuma vya zamani, hadi resori za magari. Bunduki na waya wa mitego navyo vikachukua nafasi ya upinde.

Lakini pigo kubwa liligusa ardhi. Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliufanya msitu wa mlima Kahuzi kuwa hifadhi. Tarehe 30 Novemba 1970 hifadhi hiyo ikawa Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hektari 60 000. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hektari 600 000. UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wa parki ile ni heshima yetu sote. Lakini katika miaka hiyo hiyo familia za Batwa zilitolewa msituni, zikabaki pembeni mwa vijiji vya Kabare na Kalehe, bila mashamba yao wenyewe. Kisha ikaja sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Mwindaji wa jana akaitwa mwizi wa nyama.

Hapo njo mapatano yalipovunjika. Mutwa hakuwa tena na asali wala ngozi ya kumpelekea muhunzi. Muhunzi hakuwa tena na sababu ya kufua kisu cha mishale. Vyombo vikapanda darini.

Mambo hayajaisha. Oktoba 2018 baadhi ya familia zilirudi ndani ya parki, na mapambano yaliyofuata yalileta vifo. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili wa kibilikimo. Na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa, na serikali inatakiwa kuomba msamaha, kulipa fidia na kuwarudishia ardhi yao. Kutoka karatasi hadi kijijini, njia bado ni ndefu.

4. Kosa letu

Sasa turudi kwenye sanduku. Wanafunzi walilipokea kwa furaha. Tuliwaambia tu: « Visafisheni, tutavionyesha siku ya wazazi. » Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na kosa hilo ni letu, si lao. Vijana wawili wenye bidii walichukua kisu, wakakipeleka kwa fundi mmoja wa mjini mwenye mashine ya umeme ya kunolea. Dakika tano tu. Kisu kilirudi kinang'aa kama kijiko cha harusi. Tuliwapongeza! Tuliwapa hata pointi.

Baadaye tulikwenda upande wa Miti kumwona mzee mmoja Mutwa, ambaye alikuwa kijana mdogo wakati familia yake ilipotolewa msituni. Baba yake alikuwa amemfundisha kuchonga. Tulimpa kisu kwa mikono miwili, tukingoja asifu. Alikigeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya makali. Akaokota kijiti, akavuta mara moja, mara mbili. Kisu kilizama ndani ya mti na kukwama. Akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

« Mwalimu, kisu hii mumeisha kuiua. »

Tukamwuliza: « Muzee, namna gani? Si ni kisafi? »

« Njo hiyo. Mumeisafisha mpaka kichwa yake. »

Kisha akatuonyesha, kwa uvumilivu wa mwalimu kuliko sisi walimu. Kwanza, kisu cha mishale kinanolewa upande mmoja tu. Upande wa pili unabaki bapa, ili ulale juu ya mti na kuondoa ganda jembamba. Mashine ilikuwa imenoa pande zote mbili, kama kisu cha nyama. Pili, karibu na ncha chuma kilikuwa na rangi ya bluu: moto wa mashine uliondoa ugumu ambao muhunzi alikuwa ameutia. Tatu, na hilo ndilo lililotuumiza, katikati ya makali palikuwa na bonde dogo. Sisi tulidhani ni ubovu, pengo la uzee. Kumbe bonde lile lilichimbwa na mishale yenyewe. Kwa miaka na miaka uti wa mshale ulivutwa mahali palepale, mpaka chuma kikaukumbuka unene wake. Mchongaji hakuhitaji kupima: uti ukipita ndani ya bonde bila kukwama wala kucheza, unene umetosha. Mashine ilikuwa imelifuta.

Sisi tunafundisha historia. Tunawaambia wanafunzi kila mwaka kwamba hati ya kale haifutwi, haiandikwi juu yake. Na bado tulichukua hati ya pekee tuliyopewa tukaifuta kwa umeme, kwa sababu haikuandikwa kwa wino.

5. Vitatu vilivyobaki

Baada ya siku ile hatukugusa kitu bila mtu mwenye kukijua. Tulimtafuta muhunzi mzee wa Kabare, tukamkalisha pamoja na mzee wa Miti chini ya mti mmoja. Mwanzoni walisalimiana kwa baridi. Kati ya Bashi na Batwa kuna maneno ya dharau ambayo hatupendi kuyaandika hapa, na mzee wetu aliyasikia maisha yake yote. Lakini walipoanza kubishana juu ya pembe ya tezo, baridi iliisha. Walibishana kama watu wa kazi moja.

Haya ndiyo tuliyojifunza siku zile, na tunayaandika kwa yeyote mwenye sanduku kama letu darini.

Kutu si zote adui. Kutu nyekundu inayotoa unga inakula chuma. Hiyo iondolewe polepole kwa majivu makavu na jani la msasa, kwa mkono. Ngozi nyeusi iliyokaza juu ya chuma inakilinda, iachwe. Sindano yetu ilisafishwa hivyo kwa siku mbili, ikapakwa mafuta kidogo na kufutwa. Haing'ai, lakini inafanya kazi.

Mpini wa tezo ulikuwa umeliwa na bungua hadi ndani. Vijana walitaka kuujaza gundi. Wazee wote wawili walikataa: mpini wa kazi haufungwi gundi, unabadilishwa. Mpini mpya ulichongwa katika sehemu ya mti yenye fundo, mahali nyuzi zinapopishana na mti haupasuki. Lakini mpini wa zamani hatukuutupa. Tumeufunga kamba, tumeandika karatasi, umelala ndani ya sanduku karibu na mwenzake, ili mtu wa kesho aone mkono wa jana ulishika wapi.

Nyundo ilipata mpini mpya pia, na muhunzi aliitumia siku ileile kukirudisha kisu chetu. Alikipasha moto, akakifua, akakizamisha katika maji, akakinoa upande mmoja. « Nimekirudishia ugumu, » alisema, « lakini lile bonde si kazi yangu. » Yule mwenzake akaongeza: « Bonde itarudi, mukivuta mishale miaka makumi mbili. »

6. Mti uko wapi?

Kisha tukamwomba mzee achonge mshale mmoja mbele ya wanafunzi. Vyombo vilikuwa tayari. Alitazama huku na huku, halafu akanyoosha mkono kuelekea Kahuzi: « Mti yenyewe iko kule. » Mwanafunzi mmoja akamletea tawi la mkaratusi, kwa kuwa miti hiyo imejaa kila kilima chetu. Alicheka. Mkaratusi ukikauka unajikunja, mshale wake unarudi kumtafuta mwenyewe. Mwishowe alichukua tete la bondeni, akalipasha moto kidogo, akalinyosha kwa mikono, akafunga jicho moja kulitazama, akachonga ncha ya mti na kuichomeka. Alipomaliza alisema: « Hii ni mushale ya kufundisha. Haiko mushale ya pori. »

Hapo tulielewa kwamba ukarabati wetu ulikuwa umefika nusu ya njia. Unaweza kurudisha makali na mpini. Lakini chombo kinamaliza kazi yake pale tu panapokuwa na mti wa kuchonga na mtu mwenye ruhusa ya kuukata.

Tutoe mfano wa jirani. Nchini Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanachonga mishale. Wana ile ya mti mtupu kwa ndege, na ile ya chembe ya chuma kwa nyama wakubwa. Wanachukua msumari wa kawaida, wanaupiga bila moto mpaka unakuwa chembe. Wananyosha uti kwa moto na kwa meno. Hakuna mtu anayewafundisha kukarabati vyombo, sababu vyombo vyao havijapanda darini. Na mwaka 2011 jamii zao za bonde la Yaeda zilipata hati ya kimila ya ardhi. Wana shida nyingi, hatuwapambi. Lakini ona tofauti: kwao kisu kina mti.

7. Tufanye nini?

Hatusemi watu warudi kuwinda gorila, wala hatusemi parki ifungwe. Sumu ya mishale hatuifundishi, na darasani mshale wetu hauna ncha kali. Tunasema mambo manne tu, yanayowezekana hata katika hali yetu.

La kwanza: kabla ya kusafisha chombo cha zamani, mtafute aliyekitumia au mtoto wake. Andika jina la chombo katika lugha yake, Mashi, Kitembo, Kirega au Kihavu, kisha ndipo uguse kutu. La pili: muhunzi na Mutwa wakae meza moja, na wote wawili walipwe kama tunavyomlipa fundi wa simu. Ujuzi si zawadi ya bure. La tatu: miti ya mishale itambuliwe na kupandwa nje ya mipaka ya parki, kwenye ardhi za vijiji. Kule Lwiro kuna hazina ya mimea iliyokaushwa, katika kituo kilichoanza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Mzee akitaja jina na mtaalamu akilinganisha jani, kazi imeanza. La nne: wakubwa wanapozungumzia kurudisha mali za Kongo kutoka Ubelgiji, waikumbuke mikono pia. Februari 2022 serikali yetu ilipokea orodha ya vitu kama 84 000 vya jumba la makumbusho la Tervuren. Vikirudi, nani atatuambia bonde katikati ya kisu ni ubovu au ni kipimo?

Wazee kama yule wa Miti hawabaki wengi, na wao hawakai darini wakatungoja.

Vita ilipoingia Bukavu, Februari 2025, nyumba nyingi na madepo viliporwa. Tuliporudi kufungua chumba chetu, sanduku lilikuwa mahali pake. Hakuna aliyelitamani: chuma cheusi, mipini mizee, mshale mmoja wa tete. Tulikaa nalo kidogo bila kusema neno. Halafu mwanafunzi mmoja akatoa kisu, akachukua kijiti, akaanza kukivuta polepole juu ya makali, mahali pamoja, katikati. Tukamwuliza anafanya nini.

« Ninaanza ile miaka makumi mbili, mwalimu. »